Kimya cha Fabiola

Kama kuna kitu Mungu alininyima, ni subira. Mama alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Nilipokuwa msichana kule Peramiho, masista waliniondoa jikoni kwa sababu nilifunua sufuria ya wali kila mara, na wali ukatoka mbichi. Basi serikali ikanichukua mimi, Ludovika, pamoja na tabia yangu hiyo, ikaniambia nikafundishe watoto wadogo kusoma.

Nilipangiwa Gendabi, karibu na Mlima Hanang, miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yamepamba moto. Basi lilinishusha Katesh asubuhi ya baridi kali, nikapewa nafasi kwenye lori la shamba lililokuwa linapita njia hiyo. Tulipomaliza kupanda kilima nikaiona ngano kwa mara ya kwanza. Kwetu, shamba ni mahali ambapo ukimwita mtu aliye upande wa pili, anakusikia. Hili halikuwa na upande wa pili. Lilianzia barabarani likaenda, likaenda, mpaka macho yangu yakachoka kabla lenyewe halijaisha, na upepo ulipopita juu yake nikasahau kwamba meno yalikuwa yanagongana. Wazee waliniambia baadaye kwamba zamani pale palikuwa malisho, na kwamba wafugaji wa Kidatoga sasa wanazungusha ng'ombe mbali. Siku ile sikujua lolote la namna hiyo. Nilinyamaza tu, na dereva akacheka, akasema wageni wote hunyamaza pale pale.

Shuleni nilipewa Darasa la Pili. Watoto walikalia matofali, na kitabu kimoja kilitumiwa na mstari mzima wa watoto, kikipita kwenye magoti kutoka ukutani mpaka dirishani. Nyumbani walisema Kiiraqw, Kiswahili wakakikuta shuleni, na kusoma kwao kulikuwa kazi ya jasho. "Ku-ku a-na-ta-ga ma-ya-i." Kila silabi waliibeba peke yake, wakaitua, wakarudi kuchukua nyingine. Nikiuliza, "Kuku anafanya nini?" walinitazama kana kwamba nimewauliza habari za kuku wangu mwenyewe. Wengine walikuwa na ujanja wao. Bura alisoma ukurasa mzima bila kupumua, sauti ikilia kama kengele ya kanisa, na nilipomsogelea nikakuta kitabu amekishika juu chini. Alikuwa amekariri kila kitu kutoka kwa dada yake.

Halafu alikuwepo Fabiola.

Fabiola Sulle alikuwa mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu mwaka uliotangulia alirudishwa darasa. Alipofikiwa na kitabu alisimama wima, akasoma sentensi ya kwanza vizuri kabisa, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Kisha akanyamaza. Aliinua macho kutoka kwenye kitabu, akatutazama sote, mmoja mmoja, akiwa ametulia tu. Sasa fikiria mtu wa aina yangu amesimama mbele ya kimya cha namna hiyo. Nilivumilia kidogo sana, nikamtupia neno linalofuata. Fabiola alishtuka, akarudi mwanzo, akasoma sentensi ile ile vizuri vile vile, akanyamaza pale pale. Nikamtupia neno tena, na yeye akarudi tena mwanzo. Mwishowe alikaa chini kwenye tofali lake, na kitabu kikaenda kwa mwingine.

"Amekwama," nilimwambia Mwalimu Mkuu.

"Huyo alikwama tangu mwaka jana," alisema Mwalimu Mkuu Joakimu. Alikuwa mtu wa Rombo, mnyoofu, aliyepiga pasi shati lake kila siku hata vumbi la kulima liwe limefunika mlima. "Mwalimu aliyekutangulia alisema hivyo hivyo."

Joakimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mwisho wa mwaka, mtoto wa Darasa la Pili aliingia ofisini peke yake, akasomeshwa ukurasa ambao hajawahi kuuona, mbele ya Mwalimu Mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule. Anayesoma anapanda. Asiyesoma anarudia. Alikuwa amechoka na kina Bura wanaofika Darasa la Nne na vitabu juu chini, na kwa kweli sikuweza kumlaumu.

Baba yake Fabiola alinifuata mwenyewe. Sulle aliendesha trekta kwenye shamba la ngano, na alikuja na ovaroli lake lenye harufu ya dizeli, akabaki amesimama nje ya mlango wa darasa mpaka nilipotoka.

"Mwalimu, mimi sitaki kusumbua," alisema. "Huyu mtoto ni mzuri. Kazi anafanya. Lakini kitabu hakimtaki. Mwaka jana karudia. Mwaka huu akirudia tena, mimi namtoa. Dada yangu Imakulata yuko Tumati, amejifungua, hana msaidizi. Atakaa kule, atalea mtoto."

"Baba Fabiola, sheria inasema kila mtoto asome."

"Sheria naijua. Lakini sheria inataka mtoto asome. Huyu anakaa tu kwenye tofali. Amekuwa mkubwa, wenzake wanamcheka. Wewe ungekuwa mama yake ungefanyaje?"

Hakuwa mkorofi. Alikuwa anamwonea mwanawe huruma, na huruma ndiyo ilikuwa inamtoa shuleni. Nilirudi ndani nimekasirika, nikawakaripia watoto ambao hawakuwa na kosa lolote.

Ngano ilipoiva, kombaini zikaanza kutembea mle ndani tangu umande unapokauka. Jioni tulisikia mngurumo wake mpaka shuleni. Wakati huo nikaamua kwenda nyumbani kwa kina Fabiola, nikazungumze na mama na babu, maana niliona baba ameshafunga mlango. Nilikwenda alasiri, baada ya masomo. Nilipokaribia boma nikasikia fimbo zinapiga chini, na juu ya fimbo hizo nikasikia mtu anasoma.

Nilisimama nyuma ya ua wa minyaa. Uwanjani, familia nzima ilikuwa inapura masuke yaliyoachwa na kombaini, yale ambayo akina mama na watoto waliruhusiwa kuokota. Mama alikuwepo na fimbo yake, wadogo zake Fabiola walikuwepo, na babu, Mzee Akonaay, alikaa kwenye gogo na blanketi begani akichambua mapumba. Fabiola alikalia kinu kilichopinduliwa, kitabu cha shule mapajani. Nilikuwa nimempa akisafishe jalada, akaomba kulala nacho.

Alisoma sentensi moja. Akanyamaza, akainua macho.

"Eee," wakaitikia wote, babu kwa sauti nzito, mama katikati, wadogo kwa sauti zao za ndege. Fimbo zikashuka pamoja.

Akasoma ya pili. Akainua macho. "Eee." Ya tatu. "Eee." Alikuwa hasomi silabi. Alikuwa hasomi hata maneno. Alikuwa anasema, na kitabu kilikuwa kinampa cha kusema. Mahali pa swali, sauti yake iliuliza. Mahali ambapo mbuzi alipotea, wadogo zake waliacha kupura, fimbo zikiwa juu. Mbuzi alipopatikana walishusha fimbo zote kwa nguvu na ile "Eee" yao ikapanda ikawa kelele ya furaha. Mama mtu hakujua Kiswahili kingi, lakini alijua mbuzi amepatikana.

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na nimeshuhudia mambo mengi makubwa, lakini sijui kama niliwahi kusimama mahali nikaona kitu kama kile. Mtoto aliyekaa kwenye kinu, akiwa na makapi ya ngano kichwani, alikuwa anawapa watu wazima habari kutoka kwenye karatasi, nao walikuwa wanaipokea kwa vifua vyao. Ndicho kitu nilichotumwa kuja kukifundisha. Kilikuwa kinaendelea bila mimi, na nilitaka kupiga magoti.

Badala yake nikapiga chafya, kwa sababu ya makapi, na wote wakageuka.

"Shikamoo, mzee," nilisema nikiingia.

"Marahaba, mwalimu," alisema Mzee Akonaay. "Umekuja kutazama au umekuja kufanya kazi?" Akanionyesha fimbo iliyokuwa chini. Hakuwa anatania. Nilipura ngano nikiwa na viatu vyangu vya shule, na ndipo nikapata nafasi ya kumuuliza Fabiola.

"Mbona shuleni unanyamaza?"

Aliona haya. Alimtazama babu, akatazama kitabu. "Shuleni hamniitikii," alisema.

"Hatukuitikii?"

"Nikisema, mnanyamaza. Naona mmekataa. Halafu mwalimu unasema neno, najua nimekosea, narudia mwanzo."

Nilidhani nimeelewa, lakini nilielewa vizuri zaidi jua lilipoinama. Kazi ilipokwisha, Mzee Akonaay alisimama, akajifunga blanketi vizuri, na wote wakasimama. Wairaqw wana maombi yao yanayoitwa slufay. Mtu mmoja husimama mbele ya wenzake, akatamka mstari, wa kuombea mvua, au ng'ombe, au watoto, na mstari ukiisha wote huitikia kwa pamoja. Nilikuwa nimeyasikia kwa mbali kwenye harusi na mikutano, nikadhani ni wimbo. Sasa nilikuwa ndani yake. Mzee alitamka mstari mmoja akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, ametulia tu. Ulikuwa mtazamo wa Fabiola. Kilikuwa kimya cha Fabiola, kile kile nilichokuwa nakijaza maneno mwaka mzima. Kisha ule mwitikio ukatoka kwenye vifua vya watu, ukapita chini ya ardhi ukanipanda miguuni, na mzee akachukua mstari wa pili kana kwamba sisi ndio tuliompa. Mtoto yule alilelewa hapo. Alijua kwamba maneno mazito hayaendelei mpaka watu wayapokee. Sisi walimu tulimwona amekwama, na yeye alikuwa ametupa heshima.

Asubuhi iliyofuata niliingia darasani kabla ya kengele. "Leo," niliwaambia, "mwenzenu akisoma jambo likaisha, mwitikieni. Lakini sikilizeni. Jambo likiwa halijaisha, msiitikie."

Walichekacheka kwanza. Wa kwanza alisoma, "Mama a-na-kwe-nda..." akakata pumzi. Kimya. Hakuna aliyeitikia, kwa sababu mama anakwenda wapi? Akarudi, akavuta pumzi, akasoma mpaka sokoni. "Eee!" darasa zima likasema, na yule mtoto akacheka peke yake kwa mshangao. Nilisimama pembeni, mdomo nimeufunga kwa mkono, kwa kweli kwa mkono, maana ulizoea kufunguka. Kila aliyekata mahali pasipo pake alikutana na kimya cha wenzake, akajua, akarudi mwenyewe. Anayeitikia alilazimika kufuata maana, kwa hiyo hata asiyesoma alikuwa anasoma. Baada ya majuma machache wakaanza kuibeba sentensi nzima, na Bura, ambaye sasa kitabu alikishika sawasawa, aliniambia kwa siri, "Mwalimu, maneno yanasema!" Aliniambia kama mtu aliyegundua mlango ndani ya ukuta wa nyumba yao.

Fabiola alisoma kitabu chote. Kisha akakirudia, na wenzake wakamwitikia kana kwamba hawajui mbuzi atapatikana.

Furaha yangu ilidumu mpaka Mwalimu Mkuu alipochungulia dirishani.

"Mwalimu Ludovika, hii ni shule au kilabu cha pombe?"

Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa haki. Kisha akasema jambo lililoniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli. "Mtihani hauitikiwi. Wakifika Darasa la Saba watakaa peke yao na karatasi. Nani atawaambia eee? Unawajengea mkongojo. Acha."

Nikaacha, kwa shingo upande. Nikawaambia watoto kwamba kuanzia sasa kila mmoja ajiitikie moyoni. Wengi waliweza. Niliwaona wakisoma, wakifika mwisho, kichwa kikiinama kidogo, wakiendelea. Lakini Fabiola alirudi kwenye kimya chake. Nilikaa naye nje, karibu na bustani ya shule, nikambembeleza.

"Jiitikie tu, mwanangu. Ndani. Hakuna atakayesikia."

"Mwalimu, mtu hawezi kujiitikia mwenyewe," alisema, kwa upole, kana kwamba ananieleza kitu ambacho mtu mzima angepaswa kukijua. Niliona vibaya kumbishia, kwa sababu moyoni nilikubaliana naye.

Siku ya kusoma ikafika. Ilikuwa Novemba, mawingu yameanza kushika mlima. Nilipofika shuleni nikamkuta mwanamke mgeni amekaa barazani, mtoto mchanga mgongoni, na pembeni yake furushi dogo limefungwa kwa kitenge. Alikuwa Imakulata, shangazi wa Tumati. Nilimwuliza furushi ni la nani.

"Nguo za Fabiola," alisema. "Kaka alisema nimngoje hapa. Tukimaliza mapema tutawahi gari."

Aliniambia bila ubaya wowote, akimpapasa mtoto. Nilitazama lile furushi, lilivyokuwa dogo, nikahisi machozi ya hasira yananichoma. Sulle naye alikuwa amekuja, na lori la shamba lilimngojea barabarani likiwa linanguruma, kwa sababu lilipita njia hiyo kuwapeleka madereva kulima. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi.

Ndani, Mwalimu Mkuu alikaa nyuma ya meza na penseli. Karibu naye alikaa Mzee Hhando, mwenyekiti wa kamati ya shule. Mimi nilisimamishwa kando ya ukuta. Joakimu alinitazama kabla ya mtoto wa kwanza kuingia. "Mwalimu anayefundisha hatasema neno. Ukifungua mdomo, mtoto ameshindwa. Hiyo ni kwa wote."

Watoto waliingia mmoja mmoja. Kitabu kilikuwa kipya, kilichokuja ndani ya boksi wiki ile ile, hakuna aliyewahi kukigusa. Walisoma. Bura alisoma, na Mwalimu Mkuu akamwomba aendelee hata baada ya ukurasa kwisha, kwa sababu hakuamini masikio yake. Niliona penseli yake ikisimama hewani zaidi ya mara moja. Ningeweza kufurahi siku nyingine.

Fabiola akaingia. Alikuwa amepakwa mafuta usoni, gauni lake limefuliwa, limefuliwa kwa safari. Alimwamkia Mzee Hhando, akamwamkia Mwalimu Mkuu, akapewa kitabu. Kilikuwa na habari za kuku. Alikitazama, akasimama wima.

"Mama kuku aliona wingu kubwa linakuja," alisoma.

Akanyamaza. Akainua macho, akamtazama Mwalimu Mkuu, akamtazama Mzee Hhando, akanitazama mimi.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Lori lilinguruma barabarani. Mtoto mchanga alipiga chafya barazani. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, si neno hata, pumzi tu, na pumzi hiyo ingempeleka Tumati. Niliuma midomo mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Fabiola alingoja. Hakutetemeka, hakulia. Alingoja kama babu yake alivyongoja, kwa heshima yote, na niliona matumaini yakianza kumtoka machoni taratibu. Mwalimu Mkuu alisogeza penseli kwenye karatasi. Fabiola alishusha macho yake kurudi mwanzo wa ukurasa, na nilijua kwamba akirudia mwanzo, kazi imekwisha.

"Eee."

Sauti ilitoka mlangoni, nzito, kutoka chini kabisa ya kifua. Alikuwa Sulle. Sidhani kama aliamua. Alikuwa ameitikia hivyo tangu utotoni, kila mara baba yake, Mzee Akonaay, aliposema akanyamaza, na kimya kile kilipomfikia mwili wake ulijibu kabla ya kichwa. Alionekana kushangaa kuliko sisi.

Fabiola hakugeuka nyuma. Uso wake ulifunguka tu.

"Aliwaita vifaranga wake, akasema, njooni, mvua inakuja."

"Eee," alisema Sulle.

"Vifaranga walikuja mbio, wakaingia chini ya mabawa. Lakini mmoja hakuonekana."

"Eee." Safari hii Mzee Hhando naye aliitikia. Alikuwa amezoea tangu kabla sisi wengine hatujazaliwa. Mwalimu Mkuu aliinua penseli, akafungua mdomo, akamtazama Sulle. Nilijua anachowaza, kwa sababu nilikuwa nawaza hicho hicho. Kusaidiwa ni kosa. Lakini mtu huyu hajui kusoma hata herufi moja. Angemsaidiaje? Alikuwa hampi neno. Alikuwa anapokea maneno yake. Joakimu alifunga mdomo, akaweka penseli mezani.

"Je, yuko wapi mtoto wangu? aliuliza mama kuku." Na sauti ya Fabiola iliuliza kweli, ikapanda mpaka darini, na barazani nikamwona Imakulata amesimama, amesogea dirishani na mtoto wake mgongoni, akitaka kujua yuko wapi.

"Eee!"

Alisoma bila kukimbia wala kukawia. Maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsomea yalitoka kwenye kitabu kipya, yakapita kwake, yakatufikia, na kila yalipotufikia tulimrudishia pumzi akaenda tena. Na mimi? Mimi nilikatazwa kufungua mdomo, sikuufungua. Niliitikia kwa pua. Sulle alikuwa ameingia ndani kabisa sasa, bila kujua, amesimama hatua moja nyuma ya binti yake, kofia ameikunja kifuani namna watu wanavyoikunja wakisimama kwenye slufay. Aliitikia huku machozi yanamtiririka na hakuyafuta. Alikuwa anamsikia mtoto wake akisimama mahali pa babu yake, akisema maneno makubwa mbele ya watu, na watu wanayapokea.

Ukurasa ukaisha. Kifaranga alikuwa bado hajapatikana.

"Inatosha," alisema Mwalimu Mkuu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. "Amepanda darasa. Inatosha, Fabiola."

"Mwalimu Mkuu, samahani," alisema Sulle. "Hajamaliza."

"Ukurasa umekwisha, mzee. Utaratibu ni ukurasa mmoja."

"Naelewa. Lakini kwetu mtu akisema namna hii hakatizwi." Alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukabaki mstari mweusi shavuni. "Na yule mdogo bado yuko nje."

Barabarani lori lilipiga honi. Sulle hakugeuza hata shingo. Mwalimu Mkuu alitazama saa yake, akatutazama sisi, kisha akanyoosha mkono akamfunulia Fabiola ukurasa wa pili.

Fabiola alisoma mpaka mwisho wa hadithi. Mvua ilinyesha, mama kuku alikataa kufunga mlango, na kifaranga akaja amelowa, akaingia. Mwitikio wa mwisho ulitoka ndani na nje, maana watoto wote walikuwa wamejaa madirishani, na sauti nyembamba ya kiume ya Mwalimu Mkuu Joakimu ilikuwemo. Nilimsikia kwa masikio yangu, ingawa mpaka anahamishwa alikana.

Honi ikalia tena, kwa hasira. Sulle alimwekea Fabiola mkono kichwani mara moja tu, akatoka. Pale barazani dada yake alimtazama bila kuuliza. Sulle aliinama, akaliokota lile furushi la kitenge, akalitupia begani, akaondoka nalo mbio kulikimbilia lori. Akalima nalo ngano ya serikali siku nzima, furushi la nguo za mtoto likiwa limekaa pembeni yake kwenye trekta, kwa sababu hakuwa na muda wa kulirudisha nyumbani na hakutaka kuliacha pale.